Bei ya Kukata Nyasi

Jumatatu, 4 Mei
Nimeitoa stoo mashine ya marehemu mume wangu. Imewaka. Nilidhani nitalia — wapi. Nikakata nyasi za uwanja wetu wote, nikafagia, nikaoga. Wifi, dada yake marehemu ninayeishi naye, akasema kumbe kazi hii hapa: watu wana majani hadi magotini na hawana wa kuwakatia. Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu nasema sawa.

Jumatano, 6 Mei
Kazi ya kwanza, kwa fundi cherehani mtaa wa nyuma. Aliniuliza bei nikiwa bado getini. Uwanja wa mbele mdogo tu. Elfu nane, nikasema. Akakubali haraka mno — hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Nyuma ya nyumba kulikuwa pori! Majani ya kiunoni, matofali yamejificha ndani. Kisu cha mashine kikagonga tofali, kikapinda. Petroli elfu tatu, kunyoosha kisu elfu sita. Yaani nimemlipa mtu ili nimkatie nyasi. Hata haijaniuma.

Alhamisi, 7 Mei
Wifi kacheka mpaka kashika mbavu. Kisha akanikalisha. Bei haitajwi getini. Ingia, zunguka mbele na nyuma, usioneshe haraka. Hesabu petroli, hesabu kisu, hesabu wa kuzoa majani. Halafu jihesabu na wewe. "Hapo ndipo unapojisahau, wifi," akasema.

Jumamosi, 9 Mei
Daktari wa meno. Nikazunguka uwanja wake kama mnunuzi wa nyumba. Elfu ishirini. Akasema aliyepita alichukua kumi na mbili, tena mwanamume. Nikamwambia nyasi hazijui nani anazikata. Sikuwa natania ila akacheka, akapanda hadi kumi na nane. Nikageuza mashine, nikashika njia. Akaniita kabla sijafika kona.
Ishirini kamili. Zamani ningeruka kwa furaha. Nimenunua mkate, nikarudi.

Jumanne, 12 Mei
Mvua. Hakuna kazi. Nimelala na viatu.

Jumapili, 17 Mei
Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, amekuja na pikapu. Hakutaka kukaa. Wanaume wa ukoo wamefanya kikao: mashine ni mali ya ndugu yao, irudi kwao. Wifi akamkatiza. Akamwambia kaka yake kwamba siku zile za hospitali pikapu hii hatukuiona. Shemeji akashusha sauti. Basi, hataninyang'anya. Atanikodisha.

"Taja bei mwenyewe, shemeji. Kwa mwezi utanipa ngapi?"

Nikasema naingia ndani kupiga hesabu.

Niko kitandani na kalamu. Nimejumlisha petroli, visu, wateja wanne nilio nao. Namba zinakuja, nazikata. Kalamu imechana karatasi. Siku ya mazishi sikuhisi hata hasira hii.

Amechoka kusubiri. Nasikia anavuta kamba ya mashine. Haiwaki. Anavuta tena. Chini ya tangi kuna koki ya petroli, na huwa naifunga. Hajui. Wifi anajua, yuko pale pale nje, na simsikii kusema neno.

Anavuta tena. Anahema.

"Shemeji," ananiita, "hivi hii kitu inawashwaje?"

Sijainuka.