Silinda Hedi Mezani

Fausta, acha unachofanya unisikilize. Gaudence amefungua injini ya pickup yetu!

Natoka kwenye sala ya jumuiya, nakuta silinda hedi, kile chuma cha juu ya injini, imelala kwenye meza ya kulia. Meza ya kulia, Fausta!

Nikamwuliza, mjukuu wangu, hii ya nini? "Bibi, ya Corolla yangu ina ufa. Ya dukani bei siiwezi. Hii ya pickup ni nzima na inaingia. Jumamosi nakimbia kwenye mashindano ya magari, Jumapili nairudisha."

Na mahindi tutayabeba na nini? Mnunuzi anatusubiri Madaba kesho, na alishasema asipotuona anaondoka.

Akasema, "Bibi, chagua wewe." Hivyo tu. Chagua wewe!

Na alikuwa ametandika magazeti, meza isipate oili. Injini iliyobaki wazi ameifunika kwa shuka lake mwenyewe, vumbi lisiingie.

Nimechoka, mwenzangu. Mwaka mzima namwona akihangaika na hiyo Corolla yake. Nikamwambia, rudisha.

Amerudisha. Pickup imewaka vizuri. Amenawa mikono, akaja kuniuliza kwa upole, "Bibi, kesho tunatoka saa ngapi?"

Afadhali angenuna, Fausta.