Vipande Vitano vya Boflo

Jumatatu, 2 Machi 1998

Nimefagia. Nimepangusa ngazi. Nimefukiza ubani jikoni, ukumbini na chumbani kwangu. Chumba cha Salma nimekipita. Ubani haujazimika na uvundo umesharudi. Kama nguo iliyolala na maji.

Siku ya kumi na nane bila Tima.

Daktari alimsikiliza kifua, akauliza tunakaa wapi. Nikamwambia Mji wa Kale, nyumba ya mawe, nyuma ya Ndia Kuu. Akasema mtoto wa miaka minne hapigi filimbi kifuani bure, nyumbani kuna kuvu. Nikasema sijaiona. Akasema nyingine haionekani, itafutwe nyuma ya makabati na ndani ya kuta, na ikiondolewa mtoto atarudi. Athman, baba yake, hakungoja. Siku hiyohiyo alimpeleka kwa mama yake mzazi, Bi Rukia, mtaa wa Kizingo.

Salma alikuwa mwanangu wa pekee. Tima ni mwana wa pekee wa Salma. Hesabu yangu inaishia hapo.

Nina wivu. Nauandika humu maana hakuna wa kumwambia.

Jumatano, 4 Machi

Nimetoka Kizingo. Ghorofa ya tatu, upepo tele, kuta nyeupe. Bi Rukia alinikaribisha vizuri, na hilo lilinichoma zaidi.

Tima amesukwa mikia mitatu. Mimi humsuka miwili. Salma pia nilimsuka miwili. Nilimpakata nikatia pua shingoni mwake nitafute mafuta ya nazi. Yamekwisha. Ananuka sabuni ya waridi ya Bi Rukia.

"Nyanya, kwa Bibi kuna feni," akaniambia. "Na jana tulikwenda baharini Mama Ngina tukala mihogo, na mimi nikatiliwa pilipili!"

Nyanya ni mimi. Bibi ni yule. Zamani kwake kulikuwa na Nyanya peke yake.

Nilimwekea sikio kifuani. Hapakuwa na filimbi. Ilinipasa kusema alhamdulillahi papo hapo. Nilisema nikiwa njiani nimekaribia nyumbani.

Ijumaa, 6 Machi

Nimekumbuka jambo. Salma akiwa darasa la sita, mwalimu aliwaambia waweke mkate penye unyevu na penye ukavu, waone wapi utaota kuvu. Akaficha visahani chini ya kitanda asiniambie. Sisimizi wakaingia nyumba nzima. Nikavitupa vyote. Akalia: "Mama, umetupa kuvu yangu!" Sikumpa pole. Nilimpa ufagio.

Leo nimenunua mkate wa boflo. Nimekata vipande, nimenyunyizia kila kimoja maji kidogo, nimeweka kwenye visahani, nimefunika kwa mabakuli. Nimeandika vijikaratasi. 1 jikoni. 2 ukumbini. 3 chumbani kwangu. 4 chumba cha Salma.

Kwa ajili ya 4 ilibidi nifungue mlango. Sijaufungua tangu Novemba, tulipomzika, mvua zile zikiwa hazikatiki. Homa ya siku tano tu. Dirisha nililifunga kwa mkono wangu na sikulifungua tena. Leso yake iko kitandani alipoiacha, haijafuliwa. Nilitaka harufu yake isitoke. Nilifungua mlango upana wa mkono, nikasukuma kisahani, nikafunga. Sikuvuta pumzi.

Kipande cha tano nimekitia kwenye mfuko wa nailoni wenye vitundu. Najua kinakwenda wapi. Naona haya kupaandika.

Jumamosi, 7 Machi

Nimekipeleka Kizingo ndani ya buibui. Bi Rukia aliposimama kuswali Alasiri niliingia chumba cha Tima nikakisukuma chini ya kitanda, nyuma ya kapu la viatu. Juu yake karatasi: 5 Tima.

Mtu anaswali, nami natambaa kwake kama panya.

Nataka kiote. Nataka kiote manyoya, nimwonyeshe Athman, niseme: haya, na kwa mama yako je?

Jumanne, 10 Machi

Cha jikoni kina vidoa viwili vyeupe. Cha ukumbini hakina kitu. Cha chumbani kwangu sisimizi wamekimaliza, wameacha ganda. Nimecheka peke yangu. Salma angecheka zaidi.

Cha nne sijakitazama.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekitazama.

Hakionekani kuwa ni boflo. Cheusi, kijani, kimejaa malaika, vinyoya laini, kama mgongo wa mtoto wa paka. Nilipoinua bakuli lilitoka vumbi. Nimekohoa mpaka machozi.

Nilimwomba Mungu iwe jikoni. Jikoni ningebomoa leo hii.

Ijumaa, 13 Machi

Athman alipita baada ya swala. Hakutaka kukaa. Alisema kwa kunong'ona, macho yakiwa sakafuni.

"Mama, nyumbani kumeingia jambo. Chini ya kitanda cha Tima kumekutwa mkate ndani ya nailoni. Jina la mtoto limeandikwa juu yake."

Bi Rukia amemwita mwalimu wa madrasa, mtoto amesomewa, nyumba imefukizwa. Mkate umepelekwa Mama Ngina ukatupwa baharini. Wanasema ni sihiri. Kicheko kilinijia nikakibana. Kisha akaniambia lililobaki, na kicheko kikafa.

"Mama yangu anamshuku Kadzo. Amempa mpaka Jumapili afungashe. Na Tima hatatoka nje ya nyumba kwanza, hata kuja kwako."

Kadzo ndiye msichana wa kazi wa Bi Rukia. Mpole. Ndiye aliyenipa maji ya kunywa Jumamosi, nikiwa na kile kipande kwapani.

Nilimmiminia Athman kahawa. Akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Mimi ni mwoga.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda. Nilivipanga visahani kwenye sinia, nikafunika kwa leso. Hata kile cha sisimizi nilikichukua, kwa ushahidi.

Kadzo alinifungulia mlango. Macho yamevimba. Tima alikuja mbio, Bi Rukia akamvuta kwa kanzu.

"Mkwe, sinia hilo ni la nini? Nyumba hii siku hizi hakiingii kitu kimefunikwa."

Nikafunua. Akaruka nyuma. "Lahaula!"

"Ni boflo, Bi Rukia. Naitumia kupima kuvu nyumbani kwangu. Na kile cha tano nilikileta mimi. Kadzo hajui lolote."

Akanikazia macho. "Kwako sawa, unapima. Kwangu ulikuwa ukitafuta nini?"

Ningeweza kusema uongo mzuri. Nilikuwa nimeshauandaa njiani.

"Nilitaka kiote," nikasema.

Feni ikizunguka. Nikaona aibu mpaka vidole vya miguu.

Kisha akakaa kitini akajipepea kwa ukaya wa kichwani. "Mwalimu wa watu amesoma Yasini nzima. Ubani nimefukiza mpaka majirani wa juu wakateremka kuuliza nani amekufa. Kumbe boflo!" Akaita: "Kadzo! Njoo umwone mchawi wako!"

Kadzo alikuja akachungulia sinia. "Mama, cha nne kimekosa kwato tu, kitembee," akasema. Bi Rukia alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamshika Kadzo mkono mbele yangu, akamwomba radhi. Nami nikamwomba.

Nilipokuwa natoka alinifuata mpaka ngazini. "Uji wako unatia nini? Nimempikia mara tatu, anausukuma."

Iliki na tui la pili. Nilimwambia. Lakini sikumwambia mara moja. Kwanza nilikaa nalo moyoni, ngazi tatu nzima, nikifurahi kwamba anausukuma.

Jumatatu, 16 Machi

Fundi Kazungu amekuja, fundi wa chokaa kutoka upande wa Kilifi. Nimemfungulia chumba cha Salma. Mlango wote. Akavuka kizingiti, akapiga chafya tatu.

Anapima kwa mpini wa mwiko na sikio. Anagonga, anasikiliza, anagonga. Ukuta wa dirishani ukalia kama jiwe. Ukuta wa nyuma ya kabati ukalia kama kifua cha mgonjwa. Tukalivuta kabati.

Sitaki kukumbuka rangi niliyoiona. Kutoka sakafuni hadi kifuani mwangu, nyeusi. Rangi ya mafuta imetuna kama malengelenge. Kazungu alilipasua moja kwa kucha, maji yakatiririka.

"Mama, nyumba hizi ni za matumbawe na chokaa. Maji yakiingia, hutoka yenyewe. Huu mmeupiga simiti, juu yake rangi ya mafuta. Mmeuvika koti la mvua, na mvua iko ndani." Akacheka. "Nani fundi aliyefanya hivi, nikamsalimie?"

Nikamwambia simjui.

Fundi namjua, na aliyemtuma namjua zaidi. Ilikuwa mwaka ule Bi Rukia alipoleta posa. Nilikuwa nimekwenda kwake nikaona kuta zinang'aa hata uso wako unajiona. Nikarudi nikatazama chokaa yetu inavyomenyuka, nikaona tutachekwa. Salma alisema, "Mama, ukuta uache, wanakuja kuniona mimi." Sikumsikiliza. Simiti, kisha rangi ya kijani, makoti mawili. Siku ya posa Bi Rukia hakuingia hata chumba hicho. Alikaa ukumbini, akanywa kahawa, akamtazama Salma tu.

Kwa hiyo wivu huu si wa mwaka huu. Umekaa ndani ya ukuta miaka sita.

Tima alikuwa akilala kitanda gani? Kile cha mama yake, kichwa upande wa kabati. Mama alipougua, nilimhamishia kwangu, chumba cha pili, ukuta huohuo. Naandika ili niyaone kwa macho yangu.

Jumanne, 17 Machi

Kazungu anabomoa simiti. Vumbi mpaka kwenye uji. Dirisha liko wazi.

Nimetoa nguo za Salma kabatini. Nyingi zimeoza kwa vidoa. Kazungu amesema hizo zichomwe. Nimechoma nguo ya shule aliyoivaa siku ya mwisho ya mtihani. Nilikuwa nimeiweka kwa sababu ya wino mfukoni.

Leso ya kitandani nimeiacha mwisho. Miezi minne nimeilinda. Nikainusa.

Uvundo. Hakuna kingine. Sijui Salma aliondoka humo lini. Pengine tangu wiki ya kwanza, na mimi nikilinda mlango.

Bi Rukia aliingia bila kubisha hodi ya pili, ameletwa na Athman, ana chupa ya chai. Alinikuta nimekaa sakafuni. Aliutazama ukuta. Kisha akashika pindo la leso.

"Nipe nikaifue, mkwe."

Nikavuta. Naye hakuachia. Tukawa wanawake wawili wazima tunavutana leso mbele ya fundi. Kazungu akageuka akajifanya anachanganya chokaa.

"Ndiyo aliyokuwa amejifunga Salma siku Tima alipozaliwa," Bi Rukia akasema. "Nilikuwepo."

Kweli, alikuwepo. Mimi nilichelewa, nilikuwa ng'ambo, feri ilikwama upande wa Likoni. Yeye ndiye aliyemwona Tima kwanza. Sijawahi kumsamehe kwa hilo, na hakuwa amekosa.

Nikaachia.

Jumatatu, 23 Machi

Ukuta mpya ni wa chokaa tupu. Mweupe usiong'aa. Kazungu amesema usiharakishwe, ukauke polepole, na paa ameliziba palipokuwa pakivuja. Nimemwambia ukweli kuhusu yule fundi na aliyemtuma. "Basi nisalimie nani sasa?" akauliza. Tukacheka.

Nimeweka kipande kipya cha boflo chini ya dirisha la Salma. Nimefunika kwa bakuli. Nimeandika 4 tena.

Nimepeleka sufuria yangu ya kupikia uji Kizingo. Nilimpikia Tima hukohuko, Bi Rukia akitazama, ili ajue kipimo. Mkono ulikuwa mzito kwenye iliki. Nilitaka kuficha punje moja. Sikuficha.

Tima ameumaliza. Akasema uji wa Bibi ni mtamu. Kwa vile sufuria ilikuwa jikoni kwa Bibi. Sikumsahihisha. Iliuma.

Ijumaa, 3 Aprili

Siku kumi na moja. Nimefunua bakuli asubuhi. Kipande kimekauka, kigumu kama biskuti, hakina doa. Nimekivunja juu ya paa, ndege wamekula.

Daktari amekubali Tima aje mchana kwanza. Wiki ijayo, usiku mmoja.

Walikuja baada ya swala, Tima na Bi Rukia. Mikia mitatu. Nimeiacha ilivyo. Tima alikimbia chumba hadi chumba, kisha akalala kwenye mkeka chini ya dirisha la mama yake. Nilipiga magoti nikaweka sikio. Pumzi inakwenda, inarudi. Sauti ya mtoto aliyelala tu. Nilikaa hivyo mpaka shingo ikauma. Bi Rukia alisinzia kitini, mdomo wazi.

Walipoondoka, Tima alishika kwanza mkono wa Bi Rukia. Niliona. Bado naona kila kitu.

Bi Rukia ameniachia leso kwenye mfuko. Ameifua kwa ndimu, ameianika juani siku mbili. Vidoa vimebaki viwili, kama chai. Inanuka sabuni ya waridi. Harufu ya Salma haimo hata chembe.

Upepo unaingia chumbani. Nimejifunika nayo.