Kava ya Fundi Vilikesa

Labasa, Fiji

Mume wangu Taniela,

Watoto hawajambo, mihogo imekomaa. Jumapili gari lilituzimikia tukitoka kanisani. Binamu yako Vilikesa, fundi wetu, hakukaza nati ya oili alipolitengeneza. Oili yote ikamwagika, injini imekufa.

Nafika nyumbani kwa miguu, namkuta barazani, kichwa chini, mzizi wa kava mbele yake, kaja kuomba radhi.

"Shemeji, nisamehe, injini imekufa."

"Nani kakwambia?"

Akanisogezea kava. Kumbe alijua tangu anatukabidhi funguo za gari. Kava sijaipokea, nikiipokea, nimesamehe.

Lile gauni ulilonitumia kutoka Australia nalo limefika. Zuri mno, na wala sikuliomba. Bado limo ndani ya mfuko wa posta; kama kava, sijalipokea.

Taniela, umefanya nini?

Mkeo,
Unaisi