Mdogo Wangu, Barafu Imenichosha

Mdogo wangu Salumu,

Salamu zitasubiri, leo nina hasira.

Ulipoondoka kwenda kusomea fukwe za nchi za baridi, ulimwahidi mama barua kila mwezi. Mwanzoni ulitimiza. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilimsomea mimi, pale kwenye meza yake ya juisi ya ukwaju Kariakoo, wateja wakisubiri: jinsi bahari inavyoganda, jinsi mawe ya ufukoni yanavyogandiana na barafu, kisha maji yakijaa inaelea nayo na kwenda kuyatua kwingine.

"Jiwe linaelea? Rudia hapo!" mama alisema.

Unakumbuka tulivyokuwa tukitumwa kununua barafu, tukiifunga kwa gunia? Siku moja uliiweka chini, ukawa unaisukuma mchangani utazame inavyochimba mfereji. Ikayeyuka yote. Nikachapwa mimi, eti ndiye mkubwa. Hujabadilika hata kidogo.

Sasa ni mwaka wa pili hujaandika. Tangu biashara iwe ruksa, Kariakoo imejaa vitu vya kila nchi, hadi majokofu na televisheni. Karatasi yako moja tu ndiyo haifiki! Kila Jumamosi mama anauliza, "Mwenzio hajaandika?" Nikachoka kumwona akiinamisha uso. Nikaenda maktaba, nikasoma habari za barafu, nikaanza kumwandikia kwa jina lako. Mimi, muuza mitumba! Nimemweleza upepo unavyoisukuma barafu hadi nchi kavu, ikakokota mchanga na kokoto na kuacha tuta. Nimemweleza kwamba baridi ikikaza, barafu hiyo hiyo huulinda ufuko, mawimbi yasiulambe. Na kila barua niliimalizia, "Msalimie dada, najua anachoka."

Juzi nikamsomea nyingine. Mama alikuwa anachuja juisi, wala hakuniambia nirudie popote.

"Siku hizi Salumu anaandika vizuri," akasema. "Zamani hakuwa anakuulizia hata mara moja."

Nikajifanya naikunja karatasi. Akanisogezea glasi ya juisi.

"Kunywa, mwanangu. Halafu mwandikie, mwambie mama yake anajua."

Haya, nimekuambia. Mimi maneno yangu yameniishia, na ya kwako hakuna anayeweza kuyasema ila wewe. Andika, Salumu. Au njoo.

Ni mimi,
dada yako