Vipande Vinne vya Mkate

Buffalo, 8 Aprili 2024

Mwanangu Kostansia,

Nakusalimu wewe, mumeo Jean Bosco na wajukuu wangu wawili. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo halijakubali kwamba baridi imekwisha. Basi lilinifikisha salama.

Asante kwa majuma matatu mliyonitunza. Uliniomba nikae na watoto asubuhi ukiwa kazini ghalani, nami nilikaa nao. Lakini niruhusu niseme kama mwalimu wa miaka thelathini na moja: shule hii yenu ya nyumbani, isiyo na kengele, sijaielewa. Joselyne anaamka, anauliza kwa nini minyoo hutoka barabarani mvua ikinyesha, na hesabu zinaahirishwa mpaka minyoo ipatikane. Florida anajifunza kusoma chini ya meza! Wewe ulipokuwa na miaka kumi kama Joselyne, ulijua mito yote ya Tanzania kwa kichwa.

Je, yale mambo ya mkate yamekwisha? Florida hajambo?

Barua hii usiwasomee watoto.

Baba yako

*

Louisville, 19 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Huku hatujambo. Ile dawa ya kuchua goti uliisahau bafuni, nimeituma.

Mito niliijua, ndiyo. Inatoka wapi, niliacha kuuliza. Darasani kwako kule kambi ya wakimbizi ya Kasulu, aliyeuliza alisimama hadi kipindi kiishe, na binti wa mwalimu alisimama muda mrefu kuliko wote. Sisemi kwa hasira, Baba. Nasema ili ujue kwa nini nimechagua kuyafuata maswali yao.

Mambo ya mkate hayajaisha. Unakumbuka vile vipande vinne dirishani: kimoja Joselyne alikishika kwa mikono michafu, kimoja kwa mikono iliyooshwa, kimoja alikifutia simu yangu, kimoja hakikuguswa. Siku kumi na nane alichora ukungu kila asubuhi. Tangu viwili vipotee, hajauliza kitu chochote. Nikimwambia tuanze upya, ananijibu kwa Kiingereza kwamba haina maana, Florida atavila tena.

Florida nimemkataza kugusa kazi za dada yake. Aliomba msamaha, ulikuwepo, lakini tangu siku ile hasemi sana. Jean Bosco anasema ikifika Agosti tuwapeleke shule, kwa sababu tulisema tutawafundisha kwa maswali yao, na sasa hakuna anayeuliza.

Binti yako,
Kostansia

*

Reynoldsburg, Columbus, 11 Juni 2024

Mwanangu,

Natumaini mko salama. Nimekuja kwa kaka yako Reginaldi kwa ubatizo wa mtoto wake. Dawa ya goti niliipata. Barua yako nimekaa nayo majuma saba na kitu, na jibu nimeliandika mara nne na kulichana mara nne.

Jana mezani nilimsimulia Reginaldi kisa, kama kichekesho, cha mzee mmoja aliyekwangua ukungu akala mkate wa mtoto. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. “Huyo mzee ni wa kambi gani, Baba? Maana sisi sote tumekwangua.” Kisha akaniangalia, akaacha kucheka.

Ni mimi, Kostansia.

Niliona mkate unaharibika dirishani, mikono ikafanya ilichozoea. Nilichukua vile viwili vilivyokuwa na nafuu, nikakwangua kwa kisu, nikavikausha kwenye kikaango, nikanywea chai. Sikujua ni kazi ya mtu. Joselyne alikuwa amenieleza juma zima, lakini mimi nilikuwa nasubiri amalize ili turudi kwenye hesabu.

Hilo lingesameheka. Ulipouliza nani amekula, nilikuwa na kitabu mkononi. Ukamtazama Florida, kwa sababu anapenda mkate. Nikafunua ukurasa. Mtoto wa miaka sita akasimama mbele yetu akaomba msamaha kwa kosa langu, na mimi, Mungu anione, nilimpongeza kwa kuomba msamaha vizuri.

Baba

*

Louisville, 24 Juni 2024

Baba, shikamoo.

Sote tu wazima. Barua yako niliisoma peke yangu jikoni, nikakaa nayo mpaka sufuria ikaungua.

Nimemwomba Florida msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, “Babu alikuwa na njaa.” Alikuwa chini ya meza, Baba. Aliona soksi zako, akasikia kisu. Aliona si vizuri kumchongea mtu mwenye njaa.

Joselyne nimemwambia tu kwamba si mdogo wake aliyekula. Jina sikulitaja. Hilo ni lako.

Florida ameuliza swali, la kwanza tangu Machi: njaa ya Babu ilikuwa kubwa kiasi gani? Sitaki kumtungia jibu. Fomu za shule ziko juu ya friji. Jean Bosco hajazijaza.

Kostansia

*

Buffalo, 5 Julai 2024

Kostansia, hii wasomee wote wawili, kwa sauti, na baba yao akiwepo.

Wajukuu wangu Joselyne na Florida,

Hamjambo? Mimi sijambo, ila naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya jikoni. Mama yenu atawaeleza kwa nini.

Joselyne, mkate wako niliula mimi.

Florida, swali lako ni zuri, na jibu lake ni fupi: sikuwa na njaa. Asubuhi ile nilikuwa nimekunywa uji na kula mayai mawili. Nilikuwa nimeshiba. Zamani, kambini, niliwahi kuwa na njaa, na ukitaka nitakueleza ilivyokuwa, lakini siku ile haikuwepo. Mama alipouliza, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimezunguka nyumba nzima nikisema ninyi hamjui kusoma, na niliona haya kuwa mimi ndiye mjinga. Wewe hukufanya kosa lolote. Ule msamaha ulioomba nakurudishia. Sasa naomba mimi, kwenu nyote wawili.

Joselyne, dirishani kwangu pana vipande vinne, kwa utaratibu wako. Simu niliyoifuta ni yangu. Leo ni siku ya tatu na sioni kitu. Kwenu siku ya tatu mlikuwa mmeona nini? Au nimeosha mikono kupita kiasi?

Nachora kila asubuhi, vibaya. Goti linalalamika, lakini darasani kwangu aliyesimama hakai mpaka aambiwe.

Babu yenu