Tension ya Mama Kavira

Beni, siku ya ine, magaribi.

Mais, lakini kwa nini sikungoja kidogo?

Asubui Mama Kavira alikuya ku centre yetu ya afya, huku Bungulu, kupimisha tension, ile nguvu ya damu. Nilipomufunga appareil ya kupima ku mukono, camion, gari kubwa ya baaskari, ikapita na masasi ya bunduki ikalia. Tension ikapanda sana. Mimi ni infirmier, muuguzi, ninajua: mutu akiogopa, ubongo inaamuru moyo ipige mbio na mishipa ijikaze. Ilifaa apumuzike, kisha nipime tena. Mais na mimi nilikuwa nawaza kukimbia.

Nikamukaripia: «Mama, unakulaka chumvi mingi!»

Akajibu pole pole: «Hapana chumvi, mwana yangu. Camion kama ile njo ilibebaka bwana yangu.»

Sikumusikiliza. Nikamumezesha dawa kali ya kushusha tension, nikamurudisha kwake.

Muchana batu bakamuleta mu tipoyi, kitanda ya kubebea bagonjwa. Alianguka njiani. Ile dawa ilishusha tension kupita kipimo. Nikamuinua miguu, nikamutia maji ya serum ku mushipa, nikaomba Mungu.

Alipofungua macho, alinishika mukono. «Aksanti, mwana yangu. Umeniponesha.»

Sikumwambia kama ni dawa yangu njo ilimuangusha. Nilipokea ile aksanti.