Niliizima Kengele, Analaumiwa Shemeji

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, na tafadhali usitaje mji wala kampuni. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, miaka ishirini na mitatu nasimamia miradi ya mifumo ya kompyuta kwenye kampuni ya bomba la mafuta, nilianza nikivuta nyaya chini ya meza za watu mpaka leo wakurugenzi hawanunui hata skrini bila kuniuliza, na ofisini wananiita Fundi Mkuu, jina nililolipenda zamani na sasa nikiitwa natazama sakafu.

Mradi wangu mkubwa ulikuwa mfumo wa kugundua mafuta yanapovuja, vipimo vimefungwa kwenye bomba, msukumo ukishuka kengele inalia kwenye chumba cha udhibiti, na ni mimi niliyewaambia wakubwa kwamba wale wazee waliokuwa wakilifuata bomba kwa miguu, fimbo mkononi na daftari kwapani, hawahitajiki tena, wakastaafishwa. Wiki ya uzinduzi kengele ya kipande cha bondeni, kando ya kijito, ikawa inalia ovyo kila pampu inapowashwa, na wageni wanakuja kesho, na hotuba zimeshapigwa chapa, basi nikaingia kwa akaunti ya majaribio isiyo na jina la mtu nikaizima, nikijiambia nitairekebisha wiki ijayo, kisha nikatia saini fomu ya makabidhiano kwamba kengele zote zimejaribiwa na zinafanya kazi. Wiki ijayo ikawa miezi minne.

Mwezi uliopita bomba likavuja pale pale bondeni, tangu asubuhi hadi alasiri, kijito kikawa cheusi, watu wa huko kinakoteremkia wakakosa maji, na aliyekuwa zamu mbele ya skrini ni kaka wa mke wangu, kazi hiyo nilimtafutia mimi. Bomba limezibwa na mafuta yanapita tena, lakini yeye amesimamishwa, wanasema alisinzia. Jumapili alikuja kwetu, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Shemeji, wewe ndiwe baba wa ile mashine, hebu niambie, mimi ni kiziwi? Maana wananionyesha fomu, fomu inasema kengele ni nzima, kwa hiyo eti ililia." Mke wangu akadakia, "Si umo kwenye kamati ya uchunguzi wewe? Utamwacha ndugu yangu aliwe mzima mzima?" Nikajibu, "Tutaona, uchunguzi unaendelea," huku nikimwongezea chai na kumsogezea sukari, mshauri, kama mwenyeji mwema, na hilo ndilo linaloniaibisha kuliko yote.

Kamati inakaa Jumatatu. Nikisema, nimekwisha. Nikinyamaza, anafukuzwa. Tangu siku bomba lilipovuja sijaugusa mfumo, maana sasa kila anayeingia anaandikwa jina na saa. Nifanyeje?

Fundi mwenye aibu

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Fundi,

Barua yako nimeirusha mbele ya foleni. Niliisoma mara ya kwanza nikakuhurumia. Mara ya pili nikatafuta sentensi moja, sikuiona. Hukuniambia kama ile kengele imewashwa. Uliyeizima ni wewe, anayejua ni wewe peke yako, na mfumo hujaugusa. Kumbe mafuta yanapita bondeni leo hii na kengele bado bubu, nawe unaniandikia habari za aibu!

Kuizima lilikuwa kosa la mtu aliyebanwa. Nani hajawahi kusema "wiki ijayo"? Kutia saini ulikuwa uongo. Ile chai sina jina lake linaloandikika gazetini.

Nimesoma ripoti nyingi za ajali, za migodi, za meli, za reli. Ukurasa wa kwanza humlaumu aliyekuwa zamu, mtu wa cheo cha chini. Vumilia ufike kurasa za nyuma, utaikuta saini ya bwana mwenye tai. Ndiyo desturi yenu wakubwa: sifa hupanda ngazi, lawama hushuka. Shemeji yako si kiziwi. Alikaa mbele ya skrini akiamini neno lako.

Unasema ukisema umekwisha. Huenda. Cheo kitakwenda, pengine na kazi. Sitakudanganya kwamba utapigiwa makofi. Lakini usinililie eti hujui la kufanya; unajua tangu Jumapili.

Mwendee shemeji yako, si kwa simu, dada yake akiwepo. Usianze na "unajua hali ilivyokuwa." Sema, "Niliizima mimi." Akikutukana, meza. Mkeo akitoka nje, usimfuate. Kisha jitoe kwenye kamati kwa maandishi, maana mtuhumiwa hakai kiti cha hakimu, na uambatanishe maelezo yote: akaunti, tarehe, fomu. Tafuta wakili ukitaka, ila si wa kukufundisha kunyamaza. Na wale wazee wa fimbo, omba warudishwe bondeni mpaka kipimo kitengenezwe. Miguu yao haikuwahi kutia saini uongo.

Hayo yote yanasubiri. Sasa hivi weka gazeti chini, nenda chumba cha udhibiti, mwambie aliye zamu unachofanya, uingie kwa jina lako mwenyewe, uiwashe. Italia ovyo kila pampu ikiwashwa? Na ilie. Jina lako na saa vitaandikwa.

Acha viandikwe.